Joto la bahari: umeme, maji matamu na kazi nyingine za maji ya kilindini

Jua la Ikweta huipiga bahari mwaka mzima. Maji ya juu ya Bahari ya Hindi katika pwani yetu huwa na joto la nyuzi 25 hadi 29 za Selsiasi kutegemea msimu, na hilo mvuvi na mkulima wa mwani wanalijua kwa miguu yao wenyewe. Lakini ukiteremsha kipimajoto hadi kilindi cha mita 1,000, yaani kiasi cha pima 550, utakuta maji ya nyuzi chache tu, baridi kama yaliyotoka kwenye friji.

Nishati ya joto la bahari ni ujuzi wa kutumia tofauti hiyo kati ya maji moto ya juu na maji ya baridi ya chini. Haihitaji mawimbi wala upepo, na haisimami usiku kama umeme wa jua.

Wengi wakisikia habari hii huuliza kwanza: je, italeta umeme? Jibu ni ndiyo, lakini umeme wake ni kidogo na gharama yake ni kubwa. Katika visiwa ambako ujuzi huu umedumu, mara nyingi faida iliyowafikia watu majumbani ilitoka kwingine: maji ya kunywa, ubaridi wa majengo, na ufugaji wa viumbe wa baharini. Makala haya yanaeleza kazi hizo moja moja, zinavyofanyika, mahali zinapofanyika, na mambo ambayo kijiji cha pwani kinapaswa kuyajua kabla ya kukubali au kukataa mradi wa namna hii.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Kwa Kiswahili cha kawaida "maji baridi" huweza kuwa maji yasiyo na chumvi, kama tunaposema samaki wa maji baridi. Hapa maji yasiyo na chumvi tutayaita maji matamu. Tukisema maji ya baridi, tunamaanisha maji yenye ubaridi, hata kama yana chumvi.

Baridi ya kilindini inatoka wapi?

Jua hupasha joto tabaka la juu la bahari tu. Maji moto ni mepesi, kwa hiyo huelea juu. Chini yake kuna maji mazito na ya baridi ambayo hayakupoa hapo yalipo. Yametoka mbali, kwenye bahari za ncha za dunia zenye barafu. Huko maji yanapopoa huwa mazito, huzama, kisha hutambaa polepole sana chini ya bahari hadi kufika maeneo ya joto kama yetu. Safari hiyo huchukua mamia ya miaka.

Jambo hili ni muhimu kwa wasikilizaji wa Kigoma, Kalemie, Bujumbura na Mpulungu. Ziwa Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470, ni refu kwenda chini kuliko kilindi tulichokitaja. Je, nalo linaweza kutumika hivyo? Hapana. Ziwa halina njia ya kupokea maji yaliyopoa kwenye barafu za ncha za dunia. Maji ya chini kabisa ya Ziwa Tanganyika yana nyuzi 23 hivi, karibu sawa na ya juu. Kina bila tofauti ya joto hakisaidii.

Umeme unavyopatikana

Kanuni yake ni ileile ya mtambo wowote wa mvuke: kitu kinachemka, mvuke unasukuma turbini, yaani gurudumu linalozungusha jenereta, kisha mvuke unapozwa na kurudi kuwa kimiminika. Tofauti ni kwamba hapa hakuna kuni, makaa wala dizeli.

Njia ya kwanza hutumia kimiminika kinachochemka kwa joto dogo. Kinachotumika sana ni amonia, ambayo katika mgandamizo wa kawaida wa hewa huchemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri. Maji moto ya bahari yanapita nje ya mabomba yenye amonia, amonia inageuka mvuke, inazungusha turbini, kisha maji ya baridi ya kilindini yanaipoza na inaanza upya. Amonia hiyo hiyo huzunguka bila kumwagwa.

Njia ya pili huchemsha maji ya bahari yenyewe. Maji ya nyuzi 28 huchemkaje? Kumbuka kwamba maji huchemka mapema zaidi pale hewa inapokuwa nyepesi. Kileleni mwa Kilimanjaro huchemka kwenye nyuzi 80 hivi badala ya 100. Ukiyaweka ndani ya tangi la chuma na kuivuta hewa yote isipokuwa sehemu mbili au tatu hivi katika kila mia, maji yatachemka hata yakiwa vuguvugu. Mvuke unaotoka hauna chumvi. Ukipozwa na maji ya kilindini, unakuwa maji matamu. Likumbuke hili, kwa sababu ndilo lililobadilisha maisha katika visiwa tutakavyovitaja.

Wazo hili si jipya. Mfaransa Jacques-Arsène d'Arsonval alilieleza mwaka 1881. Mwanafunzi wake, Georges Claude, alijenga mtambo katika ghuba ya Matanzas, Cuba, na mwaka 1930 ukatoa kilowati 22. Kabla ya hapo alikuwa amepoteza mabomba baharini, na mtambo wenyewe ulikula umeme mwingi kuliko uliozalisha. Mwaka 1935 alijaribu tena kwenye meli katika pwani ya Brazil, bahari ikachafuka na kuharibu kazi yake.

Kwa nini umeme wake ni kidogo

Mtambo wa makaa ya mawe una mvuke wa nyuzi mamia kadhaa. Hapa tofauti yote ni nyuzi 20 hivi. Kwa sheria za fizikia, hata mtambo usio na kasoro hata moja hauwezi kugeuza zaidi ya asilimia 7 hivi ya joto hilo kuwa umeme. Mitambo halisi hupata asilimia mbili au tatu. Ili kufidia, lazima upitishe maji mengi mno, na pampu za kuyavuta nazo hula umeme.

Mfano mzuri ni wa kisiwa cha Nauru, katika Bahari ya Pasifiki. Mwaka 1981 Wajapani walijenga hapo mtambo uliotoa kilowati 120. Kati ya hizo, kama 90 zilirudi kuendesha mtambo wenyewe. Zilizobaki, takriban 30, zilipelekwa shuleni na sehemu nyingine za kisiwa. Yaani katika kila sehemu nne za umeme, tatu zililiwa na pampu na mashine.

Kwa hiyo ukisikia mradi unatangaza "kilowati 100", uliza swali la pili: baada ya pampu kula, zinabaki ngapi?

Mitambo iliyopo hadi leo ni midogo. Huko Keahole Point, Hawaii, kampuni ya Makai Ocean Engineering iliunganisha mtambo wa kilowati 105 na gridi ya umeme mwezi Agosti 2015. Katika kisiwa cha Kumejima, Okinawa, Japani, mtambo wa kilowati 100 ulianza kufanya kazi mwaka 2013. Yote miwili ilijengwa kwa ajili ya majaribio na mafunzo.

Lakini Hawaii na Kumejima hazikuacha kuvuta maji ya kilindini. Bomba likishawekwa, maji yale yana kazi nyingine.

Kazi ya kwanza: maji ya kunywa

Mfano wenye maana kubwa kwetu uko katika Bahari ya Hindi hii hii. Lakshadweep ni visiwa vya matumbawe vya India, magharibi ya pwani ya Kerala. Wakazi wake wengi ni Waislamu wanaoishi kwa uvuvi wa jodari na nazi. Visiwa ni vyembamba na havina mito. Maji matamu ya ardhini ni tabaka jembamba la maji ya mvua lililoelea juu ya maji ya chumvi. Watu wakiongezeka na kuchota zaidi ya mvua inavyojaza, chumvi hupanda kisimani. Mtu wa Pemba, Mafia au Lamu hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 2005 taasisi ya teknolojia ya bahari ya India, NIOT, ilizindua katika kisiwa cha Kavaratti mtambo wa maji matamu wa lita 100,000 kwa siku. Mtambo huo haukukusudiwa kuzalisha umeme. Unafanya hivi:

1. Maji ya juu ya bahari, yenye nyuzi 28 hivi, yanaingizwa katika tangi lililovutwa hewa. Sehemu ndogo yake inageuka mvuke.

2. Mvuke unapita kwenye mabomba yaliyopozwa na maji ya kilindini yenye nyuzi 12 hivi.

3. Mvuke unakuwa maji matamu, yanakusanywa na kupelekwa kwa wananchi. Maji ya chumvi yaliyobaki yanarudi baharini.

Ni kazi ileile ya mvua: jua huvukiza bahari, hewa ya baridi juu hugeuza mvuke kuwa matone. Hapa inafanyika ndani ya chuma.

Zingatia mambo mawili. La kwanza ni kina. Kwa maji ya kunywa hawakuhitaji kwenda mita 1,000. Walivuta maji kutoka mita 350 hivi, kwa sababu ukingo wa kisiwa unashuka ghafla na kilindi hicho kiko karibu na ufukwe. La pili ni kiasi. Katika kila lita 100 za maji moto yanayoingia, ni lita moja hivi tu inayotoka ikiwa tamu. Zinazobaki hurudi baharini zikiwa zimepoa kidogo. Kwa hiyo pampu hufanya kazi kubwa.

Lita 100,000 ni ndoo 5,000 za lita 20. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu watu zaidi ya 11,000 Kavaratti, yaani kila mtu alipata karibu nusu ndoo kwa siku. Hayo ni maji ya kunywa na kupikia. Kufua na kuoga bado kulitegemea visima na mvua. Hata hivyo, kwa mama mwenye mtoto mchanga, tofauti kati ya kunywa maji ya kisima cha chumvi kilicho karibu na choo na kunywa maji yaliyovukizwa si ndogo.

Visiwa vya Minicoy na Agatti vilipata mitambo kama hiyo mwaka 2011, kisha vingine vikafuata. Mmoja wa karibuni ni wa Kadmat, uliozinduliwa Januari 2024, wenye uwezo wa lita 150,000 kwa siku.

Pana doa moja. Pampu na mashine ya kuvuta hewa zinahitaji umeme, na umeme wa visiwa hivyo umetegemea sana jenereta za dizeli iliyoletwa kwa meli. Ndiyo maana India imeamua kujenga Kavaratti mtambo mwingine, wa kilowati 65, wa kutoa umeme kwa joto la bahari ili uendeshe kazi ya kutoa maji matamu. Ukifanikiwa, bahari itaendesha yenyewe kazi ya kuondoa chumvi yake.

Kazi ya pili: kupoza majengo

Kiyoyozi cha kawaida hula umeme mwingi kwa sababu lazima kitengeneze ubaridi. Maji ya kilindini tayari ni ya baridi, kwa hiyo kinachohitajika ni pampu ya kuyaleta. Maji ya bahari hayaingii chumbani. Yanapoza maji matamu yanayozunguka ndani ya mabomba ya jengo, kisha yanarudi baharini.

Hoteli moja ya kisiwa cha Bora Bora, katika Polinesia ya Kifaransa, inapozwa hivyo tangu mwaka 2006, kwa maji yanayotoka mita 900 hivi chini. Mwaka 2022 hospitali kuu ya Tahiti nayo ilizinduliwa mfumo wa aina hiyo. Hospitali ni mahali panapofaa sana, kwa kuwa wodi, vyumba vya upasuaji na maabara vinahitaji ubaridi mchana na usiku.

Kwa mji wa Toronto, Kanada, kazi hii hufanywa na ziwa. Tangu mwaka 2004 mabomba huvuta maji ya nyuzi 4 kutoka mita 83 ndani ya Ziwa Ontario. Yanapoza majengo ya mjini, na maji hayo hayo huingia katika mfumo wa maji ya kunywa. Hilo linawezekana kwa sababu Kanada ina baridi kali inayolipoza ziwa kila mwaka, jambo ambalo maziwa yetu hayana.

Si kila mradi umefaulu. Mjini Honolulu, Hawaii, mpango wa kupoza majengo ya katikati ya mji kwa maji ya bahari ulipangwa kwa miaka mingi, lakini mwaka 2020 ulisimamishwa kwa sababu gharama za ujenzi zilipanda mno.

Wavuvi wataulizia barafu. Maji ya kilindini hayatoi barafu yenyewe, kwa sababu hayafiki sifuri. Yanachoweza ni kupoza samaki mara tu wanaposhushwa, na kupunguza kazi ya mashine ya barafu kwa kuanza na maji yaliyokwisha kupoa.

Kazi ya tatu: ufugaji wa baharini na kilimo

Maji ya kilindini yana sifa mbili zaidi ya ubaridi. Ni safi, kwa sababu uchafu wa nchi kavu na vijidudu vingi vya magonjwa ya viumbe wa baharini havifiki huko. Tena yana rutuba: naitreti na fosfeti zimejaa, kwa sababu mimea inayoishi kwa mwanga wa jua haipo huko gizani kuzila.

Pwani ya Somalia inaonyesha nguvu ya rutuba hiyo. Kila msimu wa kusi, upepo husukuma maji ya juu mbali na pwani, na maji ya chini yenye baridi na rutuba hupanda kujaza nafasi. Viumbe vidogo vya baharini hustawi, na samaki hufuata chakula. Bomba la maji ya kilindini hufanya jambo kama hilo kwa kiasi kidogo, ndani ya mabwawa.

Hawaii ndiko kuliko na historia ndefu ya kazi hii. Mwaka 1974 jimbo hilo lilianzisha kituo cha nishati asilia huko Keahole Point, kinachojulikana leo kama NELHA. Kilianzishwa kwa ajili ya nishati, lakini leo kimezungukwa na biashara zinazonunua maji yake. Bomba lake refu zaidi linavuta maji kutoka mita 900 hivi. Wapo wanaofuga abaloni, konokono wa baharini wa bei kubwa. Wapo wanaozalisha chaza wachanga. Wapo wanaokuza spirulina, mwani mdogo sana unaouzwa kama lishe. Wengine huondoa chumvi katika maji hayo, wakayatia kwenye chupa na kuyauza hadi Japani.

Kumejima ilianza kuvuta maji kutoka mita 612 mwaka 2000, kiasi cha tani 13,000 kwa siku. Wananchi wanayatumia kuzalisha kamba wachanga wasio na magonjwa, na kukuza umibudo, mwani wa kuliwa unaofanana na vichala vya zabibu ndogo. Maji hayo hutumika pia kupoza udongo ili spinachi iote hata kipindi cha joto kali. Zipo na biashara za chumvi na vipodozi.

Kilimo cha udongo uliopozwa kilijaribiwa sana Hawaii na mwanasayansi John Craven. Mabomba yenye maji ya baridi hufukiwa kwenye tuta. Mizizi hupata ubaridi wa nchi za mbali huku majani yakipata jua la Ikweta. Hewa yenye unyevu ikigusa mahali pa baridi hutoa umande, na umande huo unanywesha mimea. Katika shamba la mfano walikuza zaidi ya aina 100 za matunda na mboga, yakiwemo mazao ya nchi za baridi kama stroberi. Maji ya chumvi hayakugusa udongo kamwe.

Gharama na madhara

Moyo wa kazi yote ni bomba, na bomba ndilo linalovunjika. Lazima liwe refu, liwe pana, na listahimili mawimbi, mikondo na uzito wake lenyewe. Claude alipoteza mabomba karibu miaka mia moja iliyopita. India nayo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilipanga mtambo wa umeme wa megawati 1 juu ya meli karibu na Tuticorin, na ukakwama kwa sababu ya matatizo ya kushusha bomba. Pesa nyingi hutoka siku ya kwanza, kabla tone moja halijapatikana.

Halafu kuna matengenezo. Maji ya chumvi hula chuma. Chaza na ukoga huota ndani ya mabomba ya maji moto na kuziba njia. Fundi na vipuri vikiwa mbali, mtambo mzuri hulala kwa kasoro ndogo.

Kuna pia madhara kwa bahari. Maji ya baridi yenye rutuba yakimwagwa juu ya matumbawe yanaweza kuyadhuru na kuchochea mwani unaoyafunika. Pasipo matumbawe hai, samaki wa mwambani hupungua. Njia salama ni kuyarudisha maji chini, mbali na mwamba, au kuyapitisha kwanza kwenye mabwawa ya ufugaji yale rutuba yake. Mdomo wa bomba la juu nao huhitaji wavu ili usimeze samaki wachanga. Na pale inapotumika amonia, lazima kuwe na ulinzi, kwani ikivuja ni sumu kwa watu na samaki.

Je, pwani ya Afrika Mashariki inafaa?

Joto la maji ya juu lipo. Swali kubwa ni umbali wa kilindi. Bomba la kilomita moja ni tofauti sana na bomba la kilomita thelathini.

Hapa visiwa vyetu havifanani. Unguja na Mafia vimekaa kwenye tambarare ya bara iliyo chini ya maji. Kati ya Unguja na bara bahari ni ya makumi ya mita tu, hakuna baridi ya kuchota upande huo. Pemba ni tofauti: imetengwa na bara kwa mkondo mrefu kwenda chini, unaofika mita 800 hivi. Visiwa vya Komoro ni milima ya volkano iliyoota kutoka sakafu ya bahari, kwa hiyo kingo zake zinashuka ghafla.

Hilo halimaanishi kwamba mtambo unafaa Pemba au Komoro. Linamaanisha kwamba upimaji ukifanywa, ni jambo la busara kuanzia huko kuliko mahali ambapo maji ni mafupi.

Tena, ujuzi huu ushindanishwe na njia nyingine. Kiunga, katika kaunti ya Lamu, mtambo wa kuchuja chumvi kwa umeme wa jua ulianza kazi mwaka 2018, nao hauhitaji kilindi chochote. Kuchuja kuna gharama ya vichujio vinavyochakaa na kubadilishwa, lakini kunaanza kwa fedha kidogo. Na kabla ya mashine zote, wazee wa Lamu walijenga majabia ya kukusanya maji ya mvua. Kijiji chenye mapaa ya bati na mvua ya masika kinaweza kupata maji mengi kwa matangi kabla ya kufikiria bomba la kilindini.

Maswali ya kuuliza mradi ukija kijijini

Mgeni akija na michoro ya mradi wa aina hii, mkutano wa kijiji una haki ya kupata majibu ya wazi kwa maswali haya:

- Kilindi cha mita 350, na cha mita 1,000, kiko umbali gani kutoka ufukwe wetu? Nani alipima?

- Mtambo utatoa nini hasa: umeme, maji, ubaridi, au vyote? Baada ya pampu kula umeme wake, kinabaki kiasi gani?

- Ndoo moja ya maji itauzwa bei gani, na bei itapangwa na nani?

- Dizeli ikihitajika, nani atailipia mwaka wa tano?

- Fundi ataishi wapi? Vijana wa hapa watafundishwa?

- Maji yaliyotumika yatamwagwa wapi, na matumbawe yaliyo karibu yatalindwaje?

- Bomba litapita kwenye dago, njia ya ngalawa au mashamba ya mwani? Wenye maeneo hayo watalipwa?

- Kwa fedha hizo hizo, matangi ya mvua au kuchuja kwa umeme wa jua kungetoa ndoo ngapi?

Wenye mradi mzuri watakuwa na majibu kabla hawajaulizwa. Wakijibu kilowati pekee, warudisheni kwenye swali la maji, kwa sababu Kavaratti inaonyesha kwamba hapo ndipo joto la bahari lilipomfikia mwananchi wa kawaida, katika ndoo yake.